Litafute wewe kwanza, ndipo uwape wanafunzi

Walimu mnaoanza kazi huku Kigoma, hasa mliokabidhiwa darasa la mtandaoni, kuna jambo lililonichukua muhula mzima kulielewa: swali ambalo Google inalimaliza kwa mstari mmoja si zoezi.

Swali langu la kwanza kwa kidato cha pili lilikuwa, "MV Liemba ilijengwa mwaka gani?" Majibu yakamiminika: 1913, 1913, 1913. Mmoja aliandika 1915, nikamwekea kosa. Inaniuma hadi leo, maana alikuwa amesoma ukurasa mwingine tu. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye makasha na kuletwa Dar es Salaam, kisha ikapakiwa kwenye treni. Iliunganishwa upya hapahapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915, ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa nauliza hivi: "Kurasa zinataja 1913, 1915 na 1927. Kila mwaka una tukio gani, na umejuaje?" Wanafanya wawili wawili. Kila jozi inaleta kurasa mbili zisizonakiliana, na kueleza kwa maneno yao wenyewe ipi wanaiamini zaidi na kwa nini. Jibu la akili mnemba linalotangulia matokeo siku hizi siwakatazi, ila lazima wafungue ukurasa lilikotoka waone kama ndivyo unavyosema. Yule wa 1915 nilimrudishia alama zake mbele ya wenzake.

Kabla ya kutoa swali, litafute mwenyewe kwa maneno yaleyale ambayo mtoto angeandika, tena kwa simu. Andika "Tanganyika" peke yake, na habari za nchi kabla ya Muungano zitachanganyika na za ziwa. Andika "dagaa", utaletewa na wa Mwanza, ambao si jamii moja ya samaki na hawa wetu. Kwa hiyo wafundishe mapema alama za kufungua na kufunga usemi, zinazoyashika maneno pamoja kama yalivyo, alama ya kutoa mbele ya neno wasilolitaka, na site:go.tz kwa anayetaka kurasa za serikali tu. Wajaribu na majina ya zamani pia. Anayeandika Graf von Götzen haletewi kurasa zilezile anazopata wa Liemba.

Mtakutana na mtindo uitwao WebQuest, alioubuni Bernie Dodge wa Chuo Kikuu cha San Diego State, Marekani, mwaka 1995. Mwalimu ndiye anayechagua kurasa, ili muda wa mwanafunzi uende kwenye kuzichambua. Kwa mtoto anayeazima simu ya mama jioni, na bando lenyewe la kupimiwa, naona huu unamfaa kuliko kumwachia mtandao wote. Huwa nachagua kurasa tatu, nazipakua na kuzituma kwenye grupu zikiwa faili dogo. Kutafuta kwa uhuru tunakuweka siku ya maabara ya kompyuta.

Kwenye kusahihisha, mwaka sahihi naupa alama mbili kati ya kumi. Nane ni za maelezo ya namna alivyoupata.