Antena ya redio ya CB isiyo na ati

SWALI: Antena ya redio ya CB (redio ya mawasiliano ya masafa mafupi) nimeifunga kwenye mkono wa kioo cha pembeni cha lori langu la trela. Kipimo cha SWR (kinachoonyesha kiasi cha nguvu ya redio inayorudishwa na antena badala ya kurushwa) kinasoma zaidi ya 3 katika chaneli zote, na hata baada ya kununua antena mpya hali haikubadilika. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa la urefu wa antena kwa kawaida huonekana kama tofauti kati ya chaneli ya 1 na ya 40; lakini usomaji unapokuwa juu kote, mtuhumiwa wa kwanza ni ati (muunganisho wa umeme kati ya antena na chuma cha gari), kwa hiyo antena ya zamani huenda haikuwa na hatia. Mkono wa kioo mara nyingi umetenganishwa na chasi kwa rangi, mipira au bodi ya plastiki, ilhali antena hii huhitaji chuma kipana cha gari kiwe nusu yake ya pili.

Chomoa kebo kwenye redio, kisha pima kwa multimita kati ya kishikizo cha antena na chasi. Usomaji ukizidi ohmu 1, kwangua rangi na kutu hadi chuma king'ae, weka washa (pete ya chuma ya bolti) yenye meno, halafu unganisha kishikizo na chasi kwa utepe wa shaba uliosukwa, mfupi na mpana kadiri iwezekanavyo, kwa sababu waya mwembamba na mrefu huzuia mawimbi ya megahezi 27 hata kama multimita inauridhia. Paka grisi juu ya kiungo.

Rudisha kebo, kisha pima SWR upya ukiwa mahali pa wazi, milango imefungwa. Usizungumze redioni kabla haijashuka chini ya 2.