“Unauza unga wapi?” Kuuza, kununua na kuuzisha katika dodoso

SWALI: Mwalimu, ninafanya utafiti wa chuo kikuu hapa Lubumbashi juu ya namna familia zinavyochagua unga wa mahindi. Dodoso lilitafsiriwa kutoka Kifaransa na mtu aliyesomea Kiswahili Tanzania. Swali la kuchuja watu ni hili: “Je, unauza unga katika soko la Kenya?” (Kenya hapa ni mtaa wa Lubumbashi, si nchi.) Anayejibu ndiyo anahesabiwa mchuuzi. Akina mama wengi wa nyumbani, wasio na hata meza sokoni, wamejibu ndiyo. Kosa ni lao au ni la swali?

JIBU: Ni la swali, ndugu yangu. Akina mama hao wamejibu sawasawa. Katika Kiswahili sanifu, kuuza ni kutoa bidhaa upokee pesa. Lubumbashi, kuuza ni kutoa pesa upate bidhaa. Anayetoa bidhaa anauzisha. Mama amesikia anaulizwa kama unga wake anaupata pale Kenya kwa pesa, akasema ndiyo.

Wapo wanaosema huko ni kuharibu lugha. Sikubaliani nao hata kidogo. Sanifu yenyewe ina kukopa na kukopesha, kupanga nyumba na kupangisha: anayepokea ana kitenzi kifupi, anayetoa anaongezewa kiambishi cha kusababisha. Kuuza na kuuzisha vimefuata njia hiyohiyo.

Penye hatari zaidi ni kuuzia. Chukua “Nimemuuzia mama unga.” Kwa sanifu, mama amelipa, mimi nimepokea pesa. Kwa Lubumbashi, mimi nimelipa kwa ajili yake, naye hakutoa hata franka moja. Kama unapima nani anabeba gharama za nyumba, sentensi hiyo moja inamhamisha mlipaji. Hata lalamiko linageuka: “Niliuza sukari bei nguvu” ni kilio cha mnunuzi, lakini msomaji wa Dar es Salaam atadhani mchuuzi anajisifu kwa faida.

Kwa hiyo katika dodoso usiache kuuza peke yake popote, wala muuzaji. Kwa mnunuzi tumia kununua, na anayehoji aseme mwanzoni: “kununua, ndiyo kusema kutoa pesa na kupokea kitu.” Kwa upande wa pili tumia kuuzisha. Swali la kuchuja lisitegemee kitenzi hata kidogo: “Una meza au duka la unga sokoni?” Kisha mpe tafsiri yako mtu aliyekulia Lubumbashi, asiyeona karatasi ya Kifaransa, airudishe katika Kifaransa. Ukimpa aliyesomea sanifu kama mtafsiri wako, kosa litapita kimya, kwa sababu wote wawili wanasikia neno kwa sikio moja. Jaribu pia kwa watu kama kumi, kila mmoja akueleze swali kwa maneno yake kabla ya kulijibu.

Katika tasnifu andika kwa sanifu, ila maneno ya wahojiwa yaache kama yalivyosemwa, na maana yake pembeni.

Fomu zilizokwisha kujazwa usizigeuze zote kwa mkupuo, maana kati ya waliojibu wamo waliozoea sanifu. Pitia moja moja, utafute jibu jingine linaloonyesha pesa ilielekea wapi. Isiyo na jibu hilo, mrudie aliyeijaza. Asipopatikana, iondoe katika hesabu.