Biti ya pili inachimba kupita kiasi: angalia sifuri ya Z

Ndugu yangu wa Igoma, umeuliza kwa nini mashine yako ya CNC (inayochonga mbao kwa kufuata faili ya kompyuta) ilichimba mlango wa mninga kupita kiasi ulipobadilisha biti, yaani kisu cha kuchongea. Mlango haukuharibiwa na faili. Biti hazilingani urefu, kwa hiyo kila ukibadilisha, sifuri ya Z (kimo ambacho mashine huanzia kuhesabu juu na chini) inawekwa upya. Sifuri za X na Y, za kulia-kushoto na mbele-nyuma, usiziguse. Na usipimie juu ya ubao ambao biti nene imeshaula! Pimia kwenye meza ya mashine tangu mwanzo, na kwenye programu uchague hivyo hivyo, kwamba sifuri ni meza. Weka karatasi chini ya biti, shusha biti taratibu mpaka karatasi ikwame kidogo ukiivuta. Zima spindo (mota inayozungusha biti) kabla ya kushika spana, ila mashine yenyewe iache inawaka, la sivyo itasahau ilipo. Koleti, kibanio kinachoshika biti, ipulize vumbi. Ya robo inchi usiifungie biti ya milimita 6, hata muuzaji akiapa. Robo inchi ni milimita 6.35.