Hukumu ya Kuzuru Makumbusho ya Uumbaji Kentucky

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Sisi ni familia ya Kiislamu tunaoishi Cincinnati, Marekani. Jirani yetu Mkristo ametualika twende na watoto kwenye Makumbusho ya Uumbaji yaliyopo Petersburg, Kentucky, kisha tukaone mfano wa safina ya Nuhu uliojengwa Williamstown. Je, yafaa, ilhali nasi tunaamini kuwa Mwenyezi Mungu ndiye Muumba?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kwenda kutazama wanayoyaamini wengine si haramu kwa asili yake, na mwaliko wa jirani una haki ya kupokewa kwa wema. Lakini makumbusho hayo, yaliyofunguliwa mwaka 2007 na jumuiya ya Kikristo iitwayo Answers in Genesis, ni mahali pa kuhubiria, na wenyewe hawalifichi hilo. Kwa hiyo hukumu inamtazama anayekwenda na elimu aliyonayo.

Kwamba Mwenyezi Mungu ameumba mbingu na ardhi, hapo tuko pamoja nao. Wao, hata hivyo, huhesabu vizazi vya Biblia na kuipa dunia umri wa miaka kama 6,000, ndiyo maana mtaonyeshwa dainosaria wakiishi pamoja na wanadamu. Qur'ani haikutaja umri wa dunia. Imetaja siku sita, na katika Suratul Hajj, aya ya 47, ikatujulisha kuwa siku moja kwa Mola wetu ni kama miaka elfu tunayoihesabu sisi. Mwislamu basi halazimiki kuitetea hesabu ile, na nakusihi usiwaachie wanao waidhanie kuwa ni ya dini yao, kwani kijana atakayesoma jiolojia chuoni na kuona haisimami anaweza kudhani Qur'ani ndiyo iliyoanguka, nayo haikuisema.

Safina yenyewe, yenye urefu wa mita 155 hivi na iliyofunguliwa mwaka 2016, ina jambo zito zaidi. Humo Nabii Nuhu, amani iwe juu yake, ametengenezewa sanamu, na wanazuoni wetu wa Kisunni wamekataza kuwasawiri Mitume. Kisa nacho kinatofautiana: kwao wana wote watatu na mama yao wameokoka, ilhali Suratu Hud, aya ya 42 na 43, inatusimulia mwana aliyekataa wito wa baba yake akazama, na Suratut Tahrim, aya ya 10, inamtaja mke wa Nuhu pamoja na walioambiwa waingie Motoni.

Kwa hiyo mtu mzima anayeijua itikadi yake anaweza kwenda, bila kushiriki ibada yoyote. Watoto wabaki mpaka wasomeshwe kisa hicho kutoka katika Qur'ani. Na kwa kuwa kiingilio hulipiwa na huendeleza mahubiri yao, mimi naona bora umwalike jirani nyumbani kwako, mle pamoja, umsomee aya hizo za Suratu Hud.

Wallahu aalam.