Sheria ya kutawanya vijana maskani: niliyoyaona Kaptembwo

Ndugu yangu, umeuliza kama Nakuru ipitishe sheria ya kuwaruhusu polisi kuwatawanya vijana wanaokaa vikundi njiani, maana magenge yametuchosha. Naelewa kinachokuuma. Nauza chai na chapati hapa Kaptembwo, na nimewahi kunyang'anywa mauzo ya siku nzima hatua chache tu kutoka kibandani. Mwaka 2022, wanawake walipouawa kule Mawanga na jina la genge la Confirm likawa midomoni mwa kila mtu, nilikuwa nafunga kabla ya magharibi.

Lakini sheria unayoitaka nimeshaiona ikifanya kazi, hata kabla ya kuandikwa.

Kando ya kibanda changu kuna gogo. Vijana wa mjengo hulikalia asubuhi wakingojea fundi aje kuchagua watu, na wakikosa kazi hubaki hapo hadi jioni. Jumanne moja kukawa na msako. Wale watatu tunaowajua mtaani kwa visu vyao waliruka ukuta hata gari halijasimama. Vijana wa mjengo hawakukimbia. Wakimbie nini? Mmoja alikuwa bado ameshika kikombe changu. Wakapakiwa watano, mpwa wangu akiwemo, kosa kuzurura. Alitoka Alhamisi jioni bila kumwona hakimu, ilhali Katiba, kifungu cha 49, inataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Tuliambiwa tutoe pesa ndipo aachiliwe. Tukachanga, tukatoa, na risiti hatukupewa.

Wakili aliyetusikiliza baadaye ndiye aliyenisimulia ya Chicago. Mwaka 1992 baraza la jiji hilo lilipitisha sheria inayokaribiana sana na yako: polisi akikuta watu wawili au zaidi wamekaa mahali bila kusudi linaloonekana, na akiamini kwa sababu za msingi kwamba mmoja wao ni wa genge, awaamuru wote waondoke. Asiyetii, awe wa genge au asiwe, ana hatia. Katika miaka mitatu zilitolewa amri zaidi ya 89,000, na watu zaidi ya 42,000 wakakamatwa. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha, kwa kuwa haikueleza wazi ni kukaa kupi kunakokatazwa, ikamwachia polisi aamue mwenyewe.

Kuna jambo moja katika hukumu hiyo ambalo sijaacha kulifikiria. Anayesimama ili kuonyesha kwamba mtaa ni wa genge lake ana kusudi, tena linaonekana wazi. Kwa hivyo, ukiyafuata maneno ya sheria ile, huyo ndiye aliyekuwa anaponyoka, na aliyekaa tu ndiye aliyenaswa. Ni kama walikuwa wamekuja kutazama gogo langu.

Mwaka 2000 Chicago iliiandika upya, safari hii ikitaja kitendo chenyewe: kukaa mahali ili kutawala eneo, kutisha watu au kuficha uhalifu, na katika sehemu zilizoteuliwa peke yake. Kaunti yetu ikitaka lazima kuandika kitu, angalau ianzie hapo. Ila sioni kama tunakosa sheria. Kupora kwa nguvu ni kosa, na tangu 2010 tuna sheria nzima ya kuzuia uhalifu wa magenge. Tunachokosa ni mahali pa kupeleka jina la mtu nawe ubaki salama. Mimi nilijaribu. Nilikwenda kituoni nikamtaja mmoja wa wale watatu, jina na mahali anapolala. Kabla ya wiki kuisha alikuja kibandani, akaagiza chai, akaniuliza kwa upole, "Mama, mbona unanitaja kwa polisi?" Mikono ilinitetemeka hadi nikamwaga maziwa. Sheria mpya ya kuzurura itanisaidiaje na hilo?

Mpwa wangu hakai tena kwenye lile gogo. Fundi akipita asubuhi huniuliza yuko wapi, namwambia ampigie simu. Siku nyingi simu haina chaji, na kazi inaenda kwa mwingine. Wale watatu bado huja jioni na kukaa pale pale.