Mishipa Iliyotuna Miguuni: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Nauza viazi na vitunguu soko la Mwanjelwa, Mbeya. Nina miaka 46 na watoto wanne. Mishipa imetuna na kujisokota kwenye shavu la mguu wa kushoto. Jioni mguu unakuwa mzito na kifundo kinavimba. Nikiamka asubuhi umepungua. Jirani anasema ni damu chafu, nikachanjwe itoke. Je, ni kweli?

JIBU: Hapana dada, usikubali kuchanjwa. Damu hiyo si chafu, imekwama njiani. Vena ndizo zinazoirudisha damu ya miguuni kwenye moyo, na ndani yake mna vali ndogo zinazoizuia isishuke tena. Kinachoipandisha ni msuli wa shavu la mguu: kila ukipiga hatua, unabana vena na kusukuma damu juu. Vali zikilegea, damu inatuama, na shinikizo linautanua mshipa hadi unajipinda. Urithi, mimba kadhaa, umri, uzito na kusimama kutwa vyote vinachangia. Dawa ya kupaka hairudishi vali zilizolegea.

Ukiwa mezani kwako, kila nusu saa inua visigino usimamie vidole, kisha shuka, mara 20. Mteja hatajua. Ukirudi nyumbani, lala chali na uweke miguu juu ya mito, ipite usawa wa moyo, kwa dakika 15. Rudia mara tatu kwa siku ukiweza. Na lile jiko la mkaa ambalo wengi huliweka miguuni Juni na Julai baridi inapokaza, lisogeze mbali: joto hutanua vena. Jifunge kitenge kizito.

Soksi maalumu za kubana husaidia sana zikiwa za saizi yako. Pima asubuhi kabla mguu haujavimba: kifundo mahali pembamba, shavu mahali panene, na urefu kutoka kisigino hadi chini ya goti. Hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Mara nyingi huanzwa na zenye nguvu ya kubana ya milimita 15 hadi 20 za zebaki. Vaa kabla ya kushuka kitandani, vua wakati wa kulala, na usikunje ukingo wa juu, maana mkunjo huo unageuka kamba ya kuzuia damu. Soksi za kawaida zenye mpira mkali chini ya goti zina kosa hilohilo. Kama una kisukari, au miguu ina ganzi au maumivu ukitembea, pimwe kwanza mzunguko wa damu.

Ngozi ya ndani ya kifundo ikianza kuwa nyeusi, ngumu au kuwasha, usingoje kidonda. Kikitokea huchukua miezi kupona. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya haiko mbali nawe. Ulizia kipimo cha ultrasaundi ya mishipa. Vena mbovu huweza kuzibwa kwa sindano ya dawa, kuunguzwa kwa ndani au kuondolewa kwa upasuaji, na damu hupita kwenye vena nyingine nzima.

SWALI: Nina mimba ya miezi saba, naishi Mafinga. Mishipa imejitokeza ghafla miguu yote. Itaondoka?

JIBU: Mara nyingi hupungua ndani ya miezi michache baada ya kujifungua. Lalia ubavu wa kushoto, tembea, na mweleze mkunga wako. Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda ndani. Ukibanwa pumzi au kifua kikiuma, ni dharura.

SWALI: Mama alijigonga, mshipa ukapasuka na kutoa damu nyingi. Tulimfunga kamba juu ya goti. Tulikosea? (Njombe)

JIBU: Ndiyo. Kamba ya namna hiyo huzuia damu ya vena kupanda, na jeraha linazidi kutoka damu. Siku nyingine mlazeni chini, inueni mguu juu, mkandamize palepale kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Ikikata, fungeni bandeji na kumpeleka hospitali. Isipokata, ondokeni naye mkiendelea kukandamiza. Hata ikikata apelekwe, kwa sababu mshipa huo unaweza kupasuka tena.