Pampu ya klorini inalia ila dawa haifiki: kabla hujaruhusu diaframu ya tyubu

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ndo naangalia mtambo wa maji wa kijiji huku Mtama, Lindi. Pampu ya dawa inalia tak tak tak kama kawaida ila klorini haiendi, tukipima kwenye bomba la mwisho hamna hata dalili ya upinki, ile rangi inayoonyesha klorini ipo. Kuna fundi kasema diaframu, kile kiwambo cha ndani kinachosukuma dawa, imekufa, anataka akate nyingine ya tyubu ya gari na valvu azisafishe kwa asidi ya betri. Nimwachie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimwachie, na kama kashafungua mwambie aishie hapo hapo.

Hili la "diaframu imekufa" nalisikia kila siku na linaniudhi kweli, maana diaframu ikitoboka kwa kawaida inajionyesha. Chungulia nyuma ya kichwa cha pampu upande wa chini, pampu nyingi zina kitundu kidogo pale, dawa inadondokea hapo na pembeni panaganda unga mweupe. Kama pakavu, angalia kwingine kwanza. Nyie mnatumia klorini ya unga, ile ina chokaa, na chokaa ikikaa chini ya goroli ya valvu hata chembe ndogo kama ya sukari basi goroli haikai sawa, dawa inapanda inarudi inapanda inarudi, pampu inalia lakini haisukumi kitu. Au imeshika upepo, klorini inatoa gesi hasa kwenye joto letu hili la pwani, umeme ukikatika masaa mawili matatu gesi inajikusanya kwenye kichwa.

Kwa hiyo zima umeme, funga koki inayoenda laini kubwa, toa presha, vaa glavu na miwani. Fungua valvu ya chini na ya juu, kariri mshale unaelekea wapi maana wengi wanarudishia kichwa chini miguu juu, suuza kwa maji mengi mpaka harufu ya klorini iishe kabisa, NDIPO uziloweke kwenye siki, nje kwenye hewa. Suuza tena, rudishia, bolti za kichwa kaza kwa msalaba, moja kisha ya upande wa pili yake, halafu inyonye maji safi kwenye ndoo huku unatoa upepo. Ikisukuma maji vizuri na dawa bado haifiki, kaangalie valvu ya pale dawa inapoingilia bomba kubwa, nayo inaziba. Na mdomo wa bomba la kunyonyea unyanyue kutoka chini ya tangi, dawa uikoroge mapema itulie, uchukue ile ya juu iliyo safi.

Sasa tyubu. Diaframu nyingi uso wake ni tefloni, aina ya plastiki, kwa sababu klorini inakula mpira, ya tyubu itafanya kazi siku chache mnashangilia, halafu inakakamaa inapasuka dawa inaingia mpaka kwenye mota. Na hata kabla haijapasuka unene wake sio ule, kwa hiyo kipimo mlichoweka hakina maana tena. Mfano maji yenu ni lita 10,000 kwa saa na mnataka miligramu 1 kwa lita, dawa ya asilimia 1 inatakiwa iende lita 1 kwa saa, hiyo mnaipima kwa silinda yenye mistari na saa mkononi, sio kwa kusikiliza mlio. Watu wanakunywa maji wakijua yametibiwa kumbe hayajaguswa, kipindupindu kikiingia nani atajibu?

Asidi ya betri ndo kabisa. Asidi ikikutana na klorini inatoa gesi ya sumu, na vile vyumba vya dawa ni vidogo dirisha moja, mtu anaweza kufa humo.

Na viongozi wa jumuiya za maji Lindi na Mtwara, seti ya diaframu, goroli na oringi, vile vipete vya kuzuia kuvuja, inunuliwe ya modeli yenu ikae kabatini sasa hivi, msisubiri hela ya korosho itoke ndo muanze kuulizia bei Dar.